Wataalamu wa Tumbo la Eliana

Pale Shelui, malori yakishateremka mlima wa Sekenke na kupumzisha breki, lipo benchi la mbao mbele ya mkahawa wa mama Yustina, na juu yake watu watatu wasioshindwa na swali: Masafa fundi redio, Cheche wa kuchomelea mageti, na mzee Mitetea anayewauzia madereva kuku wa kienyeji. Asubuhi hiyo wa nne alikuwa Leonidas, kikombe mkononi, hanywi. Mkewe Eliana, mimba ya miezi minane, alikuwa anakwenda kituo cha afya ng'ambo ya barabara. Alipomwona mumewe, akasimama.

– Shikamooni, alisema, na kabla hawajaitikia maneno yakamtoka mbio. Baba Flora, nesi kanirudisha kwenye ile mashine ya picha, mtoto alikaa vibaya wanataka waone kama kageuka, na jirani anasema inaunguza ubongo, sasa nikienda namdhuru, nisipoenda namdhuru, nifanyeje?

Leonidas akafungua mdomo. Cheche akamuwahi.

– Mimi nachomelea na miwani myeusi, shemeji. Mtoto kavaa miwani gani?

– Si moto ule, ni mawimbi, alisema Masafa. Kule Mtinko yupo mtoto alipimwa mara nne. Akipita karibu na redio, taarifa ya habari inakwaruza.

– Mwongo wewe, alisema Cheche.

– Muulize bibi yake. Haba na haba hujaza kibaba.

Mzee Mitetea akakohoa, maana umri una zamu yake.

– Mayai nayamulika kwa tochi nijue lipi lina kifaranga. Lile nililolimulika mara tatu lilitoa jogoo anayewika saa nane mchana na kulala juani. Tena mtoto anaelea mle ndani, binti yangu. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Kilichoundwa hakimulikwi.

Eliana akashika tumbo. Mtoto akapiga teke, naye machozi yakamlengalenga.

Akatoka mle mkahawani Amne na chupa yake ya chai, sare ya buluu ikimbana tumboni, kwani naye alikuwa mjamzito. Ndiye anayeiendesha mashine yenyewe pale kituoni. Alikuwa amesikia yote akijaziwa kahawa.

– Ile ni sauti, mdogo wangu, sauti ambayo sikio halisikii. Haina mionzi kama ya eksirei, na miaka yote hii haijaonekana kudhuru mtoto. Lakini si ya kuchezea. Tunaiwasha tukiwa na jambo la kutafuta, tukiliona tunazima.

– Na wewe ulipimwa, dada?

– Nilipimwa na mwenzangu, siku ya Jumanne.

Eliana akashusha pumzi mpaka mabega yakalegea. Amne akageukia benchi.

– Wazee wangu, nani kati yenu amewahi kuingia na mkewe mle ndani?

Masafa akakoroga kahawa isiyo na sukari. Cheche akatazama lori lililosimama kana kwamba linakimbia. Mzee Mitetea, mwenye watoto tisa, akaangalia viatu.

– Kumbe tunaruhusiwa? aliuliza Leonidas.

– Kiti kipo. Hakijawahi kukaliwa.

Akaweka kikombe chini, akamshika mkewe mkono, wakavuka. Alitazama kulia na kushoto mara tatu kana kwamba mimba kaibeba yeye, na hilo lilimchekesha Eliana mpaka mlangoni.