Mama Mkwe Atakaa Wapi?

Treni ilipoondoka kituo cha Glenfield, huku ughaibuni, Chebet alikuwa anasinzia kama muuguzi yeyote aliyekesha wodini. Usingizi ukamruka aliposikia Kiswahili kikitoka kiti cha mbele.

Ishmael, kijana wa Kakamega, alikuwa akimwonyesha mama mmoja wa Kikongo, wala hawajuani, picha za pikapu mbili; alikuwa akienda Minto kununua moja. Moja ilikuwa na milango miwili, viti vya mbele tu, na nyuma ndefu ya mizigo. Nyingine milango minne na nyuma fupi. "Kazi yangu ni kuhamisha watu, mama, kwa hivyo nataka hii ndefu. Shida ni mama mkwe anakuja Jumamosi, na kwetu mtu haketi bega kwa bega na mama mkwe. Hata mkono hatupeani!"

"Basi umuweke nyuma na magodoro," akasema yule mama, Chibalonza, akacheka mpaka kitenge kikamlegea.

"Polisi wa huku watanishika!"

"Papa, kamata ile ya milango nne. Akae nyuma kama malkia."

"Na Jumapili je? Si kwaya nzima itajaa humo!"

"Kwaya yenu inaimba wapi?" mama akauliza upesi mno. Chebet akauma skafu yake asicheke.

Treni ikasimama Minto. Ishmael akainuka, bado hajaamua. Chibalonza, aliyekuwa akienda Campbelltown, akainuka naye. "Twende nikuchagulie. Utanirudisha nyumbani nayo."

Chebet alikuwa ameshapitiliza kituo chake cha Ingleburn kwa kusikiliza. Akashuka nyuma yao, akiomba kimoyomoyo iwe ya milango minne, naye apate pa kukaa.