Spana ya Mathe Tabby

Baada ya miaka ishirini na sita kwenye meza ya kuchapa fulana, Tabby Wangeci anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Machi 2025. Karakana yetu nzima hapa Nakuru humwita Mathe, hata bosi Gathogo, ambaye amemzidi umri.

Kazi yake haswa ilikuwa kuvuta nyavu, vile vitambaa vyembamba ambavyo wino hupitia. Fremu zetu zilikuwa za mbao, na wavu ukilegea maandishi hutoka na kivuli, kwa hivyo ulilazimika kung'olewa na mpya uvutwe kwa mkono na kubanwa kwa pini za stepo. Tukivuta sisi, unalegea kabla ya chai ya saa nne. Akivuta yeye, unalia kama ngoma ukigongwa kwa kidole. Ndiyo maana kila alipoomba kustaafu kwa sababu ya maumivu ya mikono, Gathogo alimbembeleza abaki.

Mwaka jana, fulana za kwaya moja ya Mau Narok zilitoka msalaba ukiwa umehama mahali pake, na Gathogo akakubali kununua fremu za alumini. Alitaka zile ambazo wavu umegandishwa kwa gundi tayari. Wavu ukilegea, unairudisha fremu Nairobi. Mathe akakataa katakata. Alitaka zile ghali, zenye vyuma pembeni unavyozungusha kwa spana na kuukaza wavu uleule tena na tena.

Hapo tukaanza kumshuku. Mtu anayefungua kila mkebe wa wino na kuunusa kabla muuzaji hajaondoka, leo anamkaribisha muuzaji wa fremu chai? Sue wa mapokezi aliapa kwamba huyo jamaa ni wa kwao Dundori. Wengine tulisema anataka kuishika spana peke yake ili asiguswe. Kumbe wapi. Kila asubuhi alimwita mmoja wetu akaze fremu, kidogo upande huu, kidogo ule, agonge, asikilize, naye amesimama nyuma akiangalia. Hanif, mchoraji wetu, akanong'ona kwamba tunapimwa, kuna watakaofutwa. Siku hizo nilikaza huku jasho likinitoka.

Januari, mbele yetu sote, Mathe alimwambia Gathogo kwamba anaenda nyumbani. Gathogo akauliza, kama kawaida yake, ni nani atavuta nyavu.

"Bosi, hakuna kuvuta tena," akasema. "Ni kukaza tu, na hawa wote wanajua. Hata Hanif."

Gathogo alitutazama mmoja mmoja, kisha akamkubalia. Sisi tuliona haya, tena tukahuzunika, maana tulikuwa tumemsaidia kuondoka bila kujua.

Asante, Mathe, kwa kila fulana iliyotoka safi. Nenda Dundori uipumzishe hiyo mikono, na Mungu akupe miaka mingi ya kukaa kwenye jua la asubuhi bila haraka. Spana tumeitundika kando ya birika. Tunashuku kwamba ukishuka sokoni utapitia hapa kugonga nyavu kwa kidole, uone kama tumezembea. Pitia tu. Utakuta zimekazwa.

Jepkorir, meza ya kukunja