Mzee Kiganja Aacha Chumba cha Mashine

Kwa heshima na taadhima, wafanyakazi wote wa jumba letu la sinema wanatangaziwa kwamba kigoda cha chumba cha mashine, kile ambacho mguu wake mmoja umefungwa waya, kitabaki wazi kuanzia Ijumaa, tarehe thelathini. Aliyekikalia kwa miaka thelathini na mmoja anastaafu. Mwenye kuupenda mgongo wake asikiombe.

Mzee Kiganja aliingia hapa kama mfagiaji, akapandishwa juu kuendesha mashine baada ya mtangulizi wake kuoa na kusahau kurudi kazini. Jina alilipata kwa sababu ya Jumapili, siku ya familia. Filamu ikifika mahali pa kubusiana, yeye huweka kiganja mbele ya mwanga, giza linaingia, na mama mkwe na mkamwana wanaendelea kukaa pamoja kwa amani. Siku moja alisinzia kiganja kikiwa palepale. Watu walitoka wakiamini wale wawili walibusiana nusu saa. Jumapili iliyofuata tiketi ziliisha mapema.

Mwaka huu ililetwa filamu ya askari wanaokodisha bunduki zao kwa majambazi, kisha wanawaua majambazi haohao wasije wakasema. Mtaani kwetu haikuhitaji maelezo. Mwaka jana fundi viatu wa pale pembeni alikutwa na bastola baada ya kufa. Kabla ya kufa alikuwa na nyundo tu. Mjane wake ndiye Mama Karanga, aliyekuwa akiuza langoni petu.

Katika filamu hiyo kuna askari anayeinama na kumshikisha maiti bastola. Mkuu wa kituo cha polisi akapata habari. Alipanda mwenyewe hadi chumba cha mashine, akasifu kazi, akawajulia hali wajukuu wa mzee, mmoja mmoja kwa majina, ingawa hajawahi kutambulishwa kwao. Halafu akasema, "Mzee wangu, nasikia kiganja chako kina adabu. Kesho nakuja na wageni. Pale pa bastola, kitumie."

"Nimesikia, mkuu," alijibu mzee.

Meneja hakula siku hiyo. Alimwita mzee baba, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akamkumbusha kwamba ana watoto wadogo. Nasi wengine tuliona si jambo kubwa: kunyoosha mkono tu, kazi aliyoifanya maisha yake yote.

Kesho yake alasiri mkuu alikaa katikati na wageni wake. Mama Karanga akaacha sinia langoni, akakata tiketi kama mteja yeyote, akaenda kukaa safu ya mbele. Mzee alimwona kupitia kidirisha.

Palipofika pale pa bastola, mwanga haukukatika. Mama Karanga akasimama, kivuli cha kichwa chake kikaanguka kwenye picha, akasema bila kupaza sauti, "Ndivyo walivyofanya." Akakaa.

Taa zilipowaka mkuu alitabasamu, akamshika meneja begani. "Huyu mzee wetu anastaafu lini?"

"Mwisho wa mwezi," alisema meneja. Mzee alikuwa amebakiza miaka mitatu. Ndivyo tarehe mliyoisoma ilivyopatikana.

Tangu hapo kuna mtu anatengeneza pikipiki mbele ya lango letu kutwa nzima. Pikipiki yenyewe ni mpya. Mama Karanga amehama. Hatujui wapi na hatuulizi. Mzee tunamsindikiza kwa zamu, wawili wawili, tukibishana mambo ya mpira kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Anasema haogopi. Ila mlango wa chumba cha mashine anaufunga kwa kitasa, kisha anauegemezea kigoda.

Mzee Kiganja, asante kwa mikanda yote uliyoiunga, kwa Jumapili za amani, na kwa alasiri ile moja. Ukalale mchana, ukacheze na wajukuu, uzeeke taratibu.

Hafla ya kumuaga ni Ijumaa, saa tisa alasiri, ukumbini. Soda zitakuwepo. Mgeni rasmi, kwa ombi lake mwenyewe, ni mkuu wa kituo.