Bi Tabu na Jina Lililongoja Kuitikiwa

Wasikilizaji wapendwa, asalaam aleikum. Punguzeni moto jikoni, sogeeni karibu na redio. Leo sina maneno mengi. Bi Tabu Shaabani wa Mtawanya ametutoka. Bi Tabu, mchagua majina, amefariki Jumanne asubuhi, akiwa na miaka sabini na miwili.

Kama umezaliwa Mtawanya miaka hii thelathini, huenda jina lako lilipita kwanza mdomoni mwake. Mimi Hemedy ninayezungumza nanyi, jina hili alinichagulia yeye.

Alikuwa mkulima wa muhogo tu. Lakini mtoto akizaliwa, wazazi walimpelekea jina kabla ya siku ya saba. Bi Tabu alimtuma baba mtu hadi mwisho wa shamba, kisha akaliita lile jina mara tatu. Likimfikia masikioni, ni zuri. Lisipofika, nendeni mkatafute jingine.

Dulla wa bodaboda alimpelekea jina la mchezaji mpira wa Ulaya. Bi Tabu akaliita mara moja, akakohoa. "Mjukuu wangu, jina gani hili lina miba kama perege? Kuku watamaliza mpunga uani, wewe hujamaliza kumwita mwanao!" Binti wa Dulla leo anaitwa Kudra.

Kipimo hicho Bi Tabu alikitoa Ngorongo, alikozaliwa. Kule bondeni watu walilinda mpunga wakiwa juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu, na waliitana shamba hadi shamba. Siku moja nikamchokoza: Bibi, wewe mchagua majina, wewe mwenyewe unaitwa Tabu? Akacheka hadi khanga ikamteleza begani. "Mama alinizaa kwa shida, basi. Lakini akiita 'Tabuuu' kutoka dunguni, najua wali umeiva. Niambie, jina gani lingekuwa tamu kuliko hilo?"

Lakini liko jina moja alilolikataa. Warda. Wazazi walilipenda sana, na kufika linafika, hata upepo ukiwa mkali. Bi Tabu alitikisa kichwa. Hilo hapana. Miaka thelathini, wasikilizaji wapendwa, hapana.

Warda alikuwa binti yake. Alikuwa na miaka saba. Asubuhi moja alikwenda mtoni na ndoo kuchota maji, kule kule Ngorongo. Alipochelewa, Bi Tabu alipanda dunguni akaita. Akaita asubuhi, akaita adhuhuri, akaita hadi adhana ya magharibi. Ndoo ilionekana. Warda hakuonekana. Mwaka huohuo Bi Tabu akahamia Mtawanya, mbali na mto, na mwanawe mdogo Ashrafu mgongoni.

"Mama alisema jina lile halikuwa na kosa," ananiambia Ashrafu, sasa mtu mzima. "Kufika lilifika. Aliyekosekana ni wa kuitika."

Mwaka jana Ashrafu na mkewe Nasra wakapata mtoto wa kike. Siku ya saba ikafika, na jina bado. Bi Tabu akampakata mtoto, akamtazama weee, kisha akasema, "Mwiteni Warda." Nasra anasema, "Tuliinamisha vichwa wote."

Tangu hapo, kila asubuhi Bi Tabu alisimama mwisho wa ua akaita: "Wardaaa!" Mtoto aligeuka. Mtoto alicheka. Alipojua kutambaa, alimfuata. Kuitika, bado. "Msimharakishe," Bi Tabu aliwaambia. "Ataniambia abee kabla sijaondoka."

Akaondoka yeye kwanza. Jumanne asubuhi.

Alhamisi ilikuwa hitma, nami nilikuwapo. Wanawake walikuwa wakichambua mchele uani. Mtoto akaanza kuyasogelea mafiga, kwenye moto. Ashrafu akamwona, akaita kwa hofu, kwa sauti ileile ya mama yake: "Wardaaa!"

Mtoto akasimama. "Bee!"

Mikono yote ikaacha mchele. Ashrafu akaketi pale pale chini, akalia mbele za watu. "Siku mbili tu, mama. Ungetungojea siku mbili tu."

Nami wasikilizaji wapendwa, sitajificha nyuma ya kipaza sauti hiki. Mwezi uliopita simu yangu iliita hapa studio. Alikuwa Bi Tabu. Niliitazama ikiita hadi ikakatika. Nikasema nitampigia baadaye. Sikumpigia. Sijui alitaka kuniambia nini, na sasa sitajua kamwe. Yeye aliniita. Mimi sikuitika.

Ashrafu, Nasra, ndugu zetu wa Mtawanya na Ngorongo, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Tabu, na amkutanishe na binti yake.

Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu alikuita wiki hii ukamwambia subiri, usingoje nimalize. Zima redio. Nenda kamwitikie.