Tomaso Likwata, Msomaji wa Wodi ya Kifua

Padri, wazee wetu wa Rasbura, ndugu mlioshuka kutoka Newala na jamaa mliofika kutoka Sudi, mimi Alfonsi Likwata, mdogo wake marehemu, nimepewa na ukoo kazi ya kueleza maisha ya kaka yangu.

Tomaso alizaliwa tarehe 14 Septemba 1919 huko Newala, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Likwata na mama yetu Maria, akasoma shule ya misheni tangu mwaka 1928 hadi 1934, na mwaka uliofuata sote tulihamia Lindi, baba alipopata kazi katika shamba la mkonge. Mwaka 1937 aliajiriwa kuwa karani wa mizani katika ghala la mazao karibu na bandari, kazi aliyoipenda, kwa kuwa ilimpa watu wa kuzungumza nao kutwa nzima.

Tarehe 8 Februari 1942 alifunga ndoa na shemeji yetu Stefania, akajiunga na jeshi la keya katikati ya mwaka huo, na binti yao Rosalia akazaliwa tarehe 29 Novemba baba yake akiwa kambini. Alipelekwa vitani Burma mwaka 1944, akarejea Lindi mwezi Aprili 1946 akiwa na viungo vyake vyote, lakini mtu tuliyempeleka si yule tuliyempokea. Hakuweza kukaa katika chumba kilichofungwa mlango, gunia likidondoka ghalani alitoka mbio, hata akaacha kazi, akawa anashinda barazani na kusema salamu tu. Tulimpeleka hospitali, tukampeleka na kwa waganga, na kote huko tulirudi naye vilevile.

Mwaka 1950 ilifunguliwa maktaba ndogo katika ukumbi wa ustawi wa jamii hapa mjini, mtunzaji wake akiwa Bwana Bakari, ambaye tuko naye hapa. Stefania, asiyejua kusoma wakati ule, alikwenda akamwambia, "Nipe kitabu cha mtu asiyetaka kuzungumza." Bwana Bakari alifikiri kidogo, akampa kitabu cha ufugaji wa kuku, akasema, "Mpe hiki. Hakimwulizi chochote."

Kitabu kilikaa barazani siku kadhaa, kisha Tomaso akakifungua, akakisoma chote, na jioni moja akamwambia mkewe, "Huyu aliyeandika hajawahi kufuga kuku." Stefania anasema alikwenda jikoni akalia, maana hayo yalikuwa maneno marefu kuliko yote aliyoyasikia kwake tangu arudi. Kesho yake Tomaso alikwenda mwenyewe maktaba kubishana na Bwana Bakari, akarudi na kitabu kingine, na akawa mtu wa kwenda huko kila juma. Alitwambia kwamba akisoma hadithi kabla ya kulala, huota mambo ya hadithi, haoti ya Burma. Hatusemi kwamba alipona kabisa, lakini mwaka 1951 alirudi kazini ghalani, na tarehe 17 Julai 1952 akapata binti wa pili, Maria, aliyepewa jina la bibi yake.

Mwaka 1953 rafiki yake Abdurahmani, mvuvi wa Sudi, alilazwa wodi ya kifua kikuu, na kama wengi wa wodi ile alichoka na sindano na kukaa mbali na watoto wake, akataka kutoroka. Tomaso alikwenda kumtazama akiwa na kitabu mkononi, akamsomea, wagonjwa wengine wakavuta mikeka yao karibu, naye akakifunga pale ambapo mtu amejificha ndani ya pipa la samli na wenye nyumba wanarudi.

"Unatuacha yeye yumo humo ndani?" Abdurahmani akamwuliza.

"Nitakuja kesho kutwa."

Abdurahmani mwenyewe ameniruhusu niseme kwamba alikuwa amekwisha kufunga nguo zake siku ile, akazifungua ili amsubiri yule mtu atoke kwenye pipa, akazidi kusubiri kitabu hadi kitabu, mpaka daktari akamruhusu kwenda nyumbani mzima, na leo ni mmoja wa waliobeba jeneza hili.

Wasomaji wa mjini walipopata habari walikataa kushika vitabu vilivyotoka wodini, na walikuwa na haki ya kuogopa, hivyo Bwana Bakari aliiomba kamati ya maktaba itenge vitabu vilivyochakaa vikae hukohuko. Stefania naye aliogopa, akamwambia, "Baba Rosalia, kifua si kitu cha kuchezea." Tomaso akamjibu, "Kule Burma wenzangu waliniita nami sikuwa na kitu cha kuwapa. Hawa ninacho." Aliwasomea miaka minne, hadithi, na vijitabu vya chakula, maji na kujikinga na maradhi.

Alianza kukohoa Agosti 1957, akalazwa wodi ileile tarehe 6 Oktoba. Kama ugonjwa aliupata humo au kwingine, daktari alisema haiwezekani kujua, nasi hatumlaumu mtu. Dawa zilimsaidia kwa muda, kisha mapafu yakashindwa. Rosalia alikuwa akimsomea akiwa nje ya dirisha la wodi, na alasiri ya tarehe 21 Mei 1958, alipopunguza sauti akidhani baba yake amelala, Tomaso alimwambia, "Paza sauti, mwanangu, kuna watu kule mwisho." Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyoyasikia kwake. Rosalia alipaza sauti, akaendelea hadi mwisho wa sura, na alipoinua macho, baba yake alikuwa amekwisha kututoka.

Ukoo unamshukuru daktari, wauguzi na madresa, wale wasaidizi wa kufunga vidonda, waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa ghalani, Bwana Bakari na kamati yake, majirani wa Rasbura, Waislamu kwa Wakristo, waliochimba kaburi na kupika tangu jana, na wagonjwa wa wodi ya kifua, ambao hawakuweza kuja lakini wametuma salamu zao.

Kaka Tomaso, umewatumikia wenzako mpaka pumzi ikaisha. Mungu akupokee, upumzike katika amani yake.