Delmar Hruska na Dola Yenye Ukingo Mtupu

Marehemu Delmar Joseph Hruska, ambaye leo tarehe 7 Februari 2023 tunamsindikiza, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 katika shamba la wazazi wake, Emil na Blanche Hruska, maili nne magharibi mwa Wilber, Nebraska, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu, akimfuata dada yake Arlene, anayesoma historia hii.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini hadi mwaka 1972, akamaliza sekondari ya Wilber mwezi Mei 1976, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika ghala la nafaka la ushirika, akiwa mkaguzi wa ubora, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2020, akimwaga mahindi kiganjani na kuona punje iliyooza kabla mwenye gari hajazima injini.

Tarehe 14 Juni 1986 alifunga ndoa na Rosalie Kubicek, wakajaliwa watoto wawili, Travis, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1990, na Janelle, aliyezaliwa tarehe 20 Agosti 1999.

Wengi wenu mlimfahamu kwa sarafu zake. Tarehe 15 Februari 2007 zilipotoka zile dola mpya za rangi ya dhahabu, zenye sura za marais, na mwaka na maneno yakiwa yamechapwa ukingoni, Delmar alichukua kifurushi benki siku hiyo hiyo, akazikagua uso na mgongo kama alivyozoea kukagua sarafu za zamani, akaridhika. Wiki iliyofuata Janelle aling'oka jino la mbele, na kwa desturi yetu sarafu moja ikawekwa chini ya mto wake, akaambiwa imeletwa na kichimbakazi wa meno. Asubuhi mtoto alimfuata baba yake mezani akasema, "Baba, yangu haina maandishi pembeni kama zako," naye akamjibu, "Kamlalamikie kichimbakazi, na hiyo mikono yenye siagi iondoe hapa."

Mwezi Machi ikatangazwa kwamba baadhi ya dola hizo zimetoka kiwandani bila kupitishwa kwenye mashine ya kuchapa ukingo, na wakusanyaji wanazigombania. Tangu hapo Delmar alipanga dola za kila kifurushi ziwe mnara chini ya taa, akauzungusha taratibu, akitafuta mstari mmoja laini katikati ya maandishi, na kwa miaka kumi na tano hakuupata. Aliwakagulia wengine pia, wala hakumbembeleza mtu, kwani jirani yetu Gene Vosika alipomletea dola yenye ukingo mtupu, aliipima, akaikuta nyepesi na kingo zake zimelika, akasema, "Gene, kosa hili si la kiwanda, ni la tupa yako," na Gene amelicheka jambo hilo hadi juzi. Aliposhauriwa anunue moja tu, maana bei ilishashuka, alijibu, "Ya kununua ni ya aliyeiona."

Janelle alijaribu tena alipokuwa na miaka kumi, akasogea mezani na kikopo alimotunza zawadi za meno yake, lakini jasho la vidole huacha doa la kahawia kwenye dola hizo, na kabla hajafungua kikopo aliambiwa, "Mikono!" Alirudi chumbani, akakua, akahamia Lincoln kikazi, na jambo lile hakulisema tena.

Mwaka 2021 macho ya Delmar yalianza kupoteza nuru, na kuanzia Oktoba 2022 Janelle alikuja kila Jumapili kumsomea kingo, akiketi kwenye kiti cha meza ya sarafu ambacho hakuwahi kukikalia tangu azaliwe. Jumapili ya tarehe 11 Desemba alimwekea kiganjani dola moja bila kusema kitu. Delmar aliizungusha kwa ukucha wa kidole gumba, mara ya kwanza, mara ya pili, akauliza, "Hii umeinunua?"

"Sijanunua, Baba. Uliniwekea chini ya mto."

Aliizungusha mara ya tatu, Rosalie akatoka jikoni kutazama kuna nini, kisha Delmar akasema, "Uliniambia."

"Mara mbili."

"Mara mbili," aliitikia, "na mimi nikaangalia mikono yako."

Jumapili zilizowabakia zilikuwa chache, kwa kuwa moyo wake ulikwishachoka, akalazwa tarehe 28 Januari 2023, na tarehe 2 Februari, saa kumi alfajiri, akafariki dunia, mkewe na watoto wake wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa ghala la ushirika, majirani waliofukua theluji mlangoni bila kuombwa, na akina mama waliooka kolache, mikate mitamu ya leo.

Dola ile iko ukumbini, mezani karibu na kahawa, haikufunikwa kwa plastiki wala haiuzwi, na juu ya sura ya rais limebaki doa la kahawia la kidole gumba cha Delmar, ambalo mnunuzi yeyote angelihesabu kuwa hasara. Aliagiza kwamba kila mtoto atakayefika aachwe aishike, hata akiwa ametoka kula.

Pumzika kwa amani, ndugu yetu, na mikono yetu utusamehe.