Roketi Nane za Vifuniko vya Kalamu

Benchi letu lilikuwa ubao mmoja juu ya makreti mawili ya bia, chini ya mabati ya kioski cha Masika, pale Butembo, mahali ambapo barabara ya vumbi inapinda na kuacha uwanja mpana wa majani. Ng'ambo ya uwanja kulikuwa na kanisa. Ilikuwa mwaka 2001, vita havijaisha, na alasiri zetu zilikuwa za kahawa. Masika aliimimina bila kumwaga hata tone. Lakini mchana hakutoka chini ya mabati yale. Miaka miwili nyuma, karibu na Kamango, ndege ya vita ilimkuta katikati ya shamba la maharagwe, pasipo na hata kichaka cha kujifichia. Tangu siku hiyo alitembea akifuata kuta na paa za watu, na uwanja ule hakuwahi kuuvuka. Sasa Jumamosi bintiye Christa alikuwa anaolewa katika kanisa la ng'ambo, na mtaani kwetu mama wa bibi harusi hutangulia msafara kwa miguu, akiimba. Masika alikuwa amekwisha kutamka neno lake: "Mutamupeleka benyewe, mi nabakia huku."

Ndiyo sababu mdogo wake Kasonia, fundi wa redio tuliyemwita Frekansi, aliketi nasi Alhamisi ile akiwa na ndege ya vita magotini.

Ilikuwa ndege ya mfano, ndefu kama mkono wa mtu mzima, iliyotengenezwa kwa lile povu gumu linalofungiwa televisheni ndani ya boksi. Ilikuwa na mota ndogo nyuma, na kisanduku cha redio cha kuiamuru kutoka mbali. Ilifika kutoka Dubai ndani ya mzigo wa mfanyabiashara mmoja, nyeupe kama yai. Kasonia akaifanyia kazi mwezi mzima. Aliipaka rangi ya kijivu, akapaka unga mweusi wa betri nyuma ya mota uwe kama moshi wa kweli, akatoboa kwa ncha ya sindano alama za misumari mia tatu. Kioo cha rubani alikikata kwenye chupa ya maji. Rubani alikuwa kizibo, na kofia yake nusu ya kidonge cha dawa. Chini ya mabawa zilining'inia roketi nane za vifuniko vya kalamu. Komanda wa mtaa alimpa karatasi ya ruhusa ya kuirusha: jaribio ni Alhamisi, mwisho saa kumi. Ilikuwa saa tisa na nusu, na ndege ilikuwa imeanguka mara mbili.

— Yaya Masika, leo utaona ndege yenye inasikia mutu, Kasonia alimwambia dada yake. Nikisema shuka, inashuka. Nikisema geuka, inageuka. Kisha utajua ndege ni kitu ya mukono tu.

— Mi niko na kahawa ya kuangalia, alijibu Masika, bila kuinua macho.

Asumani, dereva wa lori la Beni, tuliyemwita Vitesi-Ine, yaani gia ya nne, alicheka.

— Kwanza yako haisikie mutu, Frekansi. Inakimbia sawa kuku, kisha inalala kwa majani.

— Tatizo ni bendele, alisema Siméon, akionyesha mkia usio na bendera. Huyu alikuwa shemasi, na kwa sababu hakuwahi kukosa jibu tulimwita Amina. Ndege ya vita bila bendele haijue inaenda kwa nani.

— Bendele ya nani? aliuliza Asumani. Ukiweka ya huyu, masoda ya ule banaipiga na bunduki. Ukiweka ya ule, huyu anaipiga.

— Tuweke ya kanisa.

— Sawa, na mi nifunge ya musikiti kwa mukia. Itazunguka fasi moja mpaka mutaelewana!

Kasonia hakucheka. Alikuwa akipuliza vumbi kwenye mabawa.

— Batu bangu, karatasi inaisha saa kumi. Semeni ya maana.

— Basi sikia dereva, alisema Asumani, akaweka kikombe chini. Butembo iko juu sana. Ata lori yangu inakosa pumzi kwa mulima. Hii ndege inatoka Dubai, kule chini kwa bahari. Kufika huku, imeshapanda! Inajiambia: niko juu tayari, nipande wapi tena?

— Na zile zenye zilipita huku mwaka jana? aliuliza Kasonia.

— Zile zilikuwa hazijue.

— Mais non, alisema Siméon. Angalia mupilote. Umemupa kofia, macho hapana. Nani anaendesha bila macho? Asumani peke yake.

Kasonia alichukua kalamu, akamtia rubani macho mawili. Kisha akaenda uwanjani, akaitupa ndege kwa nguvu. Mota ililia. Ndege ilikwenda hatua kumi, ikainama pua, ikaingia kwenye majani. Ilikuwa mara ya tatu. Aliporudi nayo, jasho lilikuwa likimshuka.

— Njo maana nasema ni haraka, alisema Siméon bila aibu. Umeweka mota ya mbio. Haraka haraka haina baraka. Ndege nayo iende pole.

— Ikienda pole inaanguka, Diacre, Kasonia alimjibu shemasi.

— Ianguke pole.

Asumani aliinama, akaongea kwa sauti ndogo kama mtu mwenye siri ya jeshi.

— Ni maphonie. Hewa yetu imejaa redio. Masoda banaongea, bafanyabiashara banaongea, ba-padri banaongea. Ndege inasikia Kilingala, inasikia Kiganda, inasikia Kifaransa, donc haijue itii nani.

— Sawa shiye batu ya huku, alisema Siméon.

Kisha Kasonia akatoa mfukoni vifuniko vingine viwili vya kalamu.

— Pua njo ina shida. Nitaongeza roketi mbili huku mbele. Haba na haba hujaza kibaba.

Mimi, ambaye huifundisha methali hiyo kila mwaka darasa la nne, nilitikisa kichwa kukubali. Methali ikisemwa vizuri huwa tunaitikia kabla ya kufikiri.

Wakati huo huo mwanamke mmoja alishusha kikapu cha viazi karibu na benchi. Aliitwa Agar, alikuwa ametoka Lubero, na hatukuwahi kumwona kabla. Masika akampa kikombe.

— Wasingya, mama, alishukuru Agar. Akanywa taratibu, akaitazama ndege. Muzuri sana. Ni ya kazi gani?

— Ya kumutoa yaya wangu woga, alisema Kasonia. Anaogopa ndege. Na Jumamosi anapashwa kupita hapa kwa uwanja, na mutoto wake wa arusi.

— Ah. Na hizi?

— Ni roketi.

— Naona. Ni za kupiga nani?

Siméon alitazama kanisa, kama jibu lingetoka kule. Kasonia alitazama roketi zake moja moja. Wiki mbili alizikata, akazisugua, akazichora mistari myekundu. Swali hilo halikuwahi kupita karibu naye.

Ni Masika aliyesogea. Aliweka termosi chini, akaichukua ndege kutoka magotini pa mdogo wake. Aliishika kama mtu anavyomshika kuku mgonjwa. Akang'oa roketi moja, akaipima kiganjani.

— Kasonia. Umeweka nini ndani?

— Soudure, yaya.

— Risasi ya kulehemu redio? Ndani ya zote?

— Ili zining'inie sawa za kweli.

— Za kweli nazijua, alisema Masika.

Akaziondoa zote nane, akizidondosha ndani ya kikombe kitupu cha bati cha Asumani. Kila moja ilipogonga bati, Kasonia alifumba jicho. Ya nane ilipoanguka, kikombe kilikuwa karibu kujaa, na ndege ilikuwa juu ya kiganja cha Masika, nyepesi kama boksi tupu.

— Haba na haba, alinong'ona Asumani, akiinua kikombe chake kwa mikono miwili.

Zilibaki dakika kumi. Kasonia alikimbia uwanjani. Masika alirudi chini ya mabati, akachukua termosi, akaanza kumwongezea mgeni kahawa. Tulisikia mota. Safari hii sauti haikukatika. Ilipita juu ya mabati, ikatokea mbele yetu, ikapanda, ikapanda tena, kijivu na ndogo, na rubani wake wa kizibo akitazama mbele kwa macho yake mapya.

— Yaya! alipiga kelele Kasonia. Sema!

Niligeuka kumtazama Masika. Alikuwa ameinua kichwa. Kahawa ilijaa kikombe cha Agar, ikafurika kisahani, ikatiririka juu ya ubao mpaka kwenye suruali ya shemasi, na Agar aliendelea kukishika kikombe.

— Geuza, alisema Masika.

Ndege ikageuka.

— Tena.

Ikageuka tena.

— Ni yale macho, alisema Siméon, akipangusa goti. Mi nilisema.

— Kasonia, aliita Masika, na sauti yake ilikuwa imepata nguvu. Sasa ipitishe kwa njia yenye Christa atapita.

Ndege ikashika njia ya msafara, polepole, kutoka kioski kuelekea kanisani. Masika aliifuata kwa macho mpaka mabati yalipoizuia. Akasogea hatua moja ili aione, kisha nyingine. Jua lilimpiga usoni. Alikuwa uwanjani, majani yakimfika vifundoni, termosi bado mkononi, mdomo wa chombo umeinama chini, ukimimina matone ya mwisho juu ya majani.

Kahawa ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyemwita arudi.